Maziwa, mala na chizi ukiwa umeacha ngano: anza hivi

Maswali ni yale yale kila wiki. Mtu amepimwa, daktari amemwambia ana siliaki (ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na nafaka za jamii yake, inaharibu utumbo mdogo), ametoka hospitali na karatasi moja imeandikwa aache ngano, shayiri na rai (ile nafaka ya rye), na kabla hata hajafika stage ashanipigia: sasa maziwa nayo? Mala je? Chizi? Na ile chai ya saa kumi? Nimejibu kwa simu, nimejibu WhatsApp, nimejibu nje ya kanisa watu wakipanda gari, mpaka nikaona heri niandike yote pahali pamoja ndio ukishasoma uingie jikoni uanze.

Mimi si daktari. Ni mama wa msichana wa miaka 10 aliyepatikana na siliaki akiwa na miaka 6, tunaishi Donholm, na haya yote tumeyafanya nyumbani kwetu tukiongozwa na daktari wake na mtu wa lishe. Wako pia wahusishe, hasa kama mgonjwa ni mtoto.

Jibu la haraka ni kwamba maziwa yenyewe hayana gluteni. Ya ng'ombe hayana, ya mbuzi hayana, ya ngamia hayana. Na kwa sababu kila mara kuna mtu anauliza kuhusu ng'ombe wa Kiambu wanaolishwa machicha ya bia na dairy meal yenye pumba za ngano, hapana, hicho chakula kinasagwa tumboni mwa ng'ombe na maziwa hayageuki kuwa na gluteni. Kunywa kwa amani upande huo. Shida ya maziwa hutoka pande 2 zingine: vitu vinavyoongezwa ama kukaribia maziwa, na sukari ya maziwa inayoitwa laktosi. Mwongozo wote ni wa hizo pande 2.

KABLA YA KUANZA

Umepimwa? Kama bado unashuku tu, usiache ngano leo. Najua ni ngumu kusikia hivyo na tumbo linakusumbua, lakini ile damu wanatoa huangaliwa kinga ambazo mwili hutengeneza ukiwa unakula gluteni, ukiacha zinashuka pole pole na majibu yanaweza kurudi eti uko sawa na hauko sawa. Pimwa kwanza, na kama daktari anataka kuingiza kamera atoe kipande kidogo cha utumbo maliza hiyo pia, alafu ndio uache.

Pili, usichanganye vitu hivi. Gluteni ni protini ya ngano, shayiri na rai. Laktosi ni sukari iliyo ndani ya maziwa. Aleji ya maziwa ni kinga ya mwili kupigana na protini ya maziwa yenyewe, na hiyo ni hatari ya aina nyingine kabisa. Glukosi haina uhusiano wowote na gluteni, majina yanafanana tu, tafadhali usimnyime mtoto glukosi kwa sababu hiyo.

Na hii ndio nadharia pekee utahitaji: utumbo mdogo una vidole vidogo sana ndani yake, mtu wa siliaki akila gluteni hivyo vidole vinaharibika vinalala, na kimeng'enya kinachosaga laktosi hukaa kwenye ncha za hivyo vidole. Ndio maana watu wengi wakipatikana na siliaki maziwa nayo yanawasumbua kwa muda. Utumbo ukipona, kwa wengi maziwa yanarudi kukubalika. Inaweza chukua miezi, kwa mtu mzima hata mwaka na zaidi.

Tafuta hivi vitu:

- sufuria moja ya maziwa pekee
- chungio jipya na mwiko mpya (chungio la zamani lilichekecha unga wa ngano, na mwiko wa mbao una nyufa, hutatoa huo unga hata uoshe aje)
- jari 2 za glasi zenye vifuniko
- kitambaa cheupe safi na leso ama blanketi nzito
- mala freshi ya dukani isiyo na ladha wala sukari, ndio mbegu ya kuchachusha mala yako
- siagi yako mwenyewe na kisu chake
- iodini kidogo kutoka chemist, ile ya vidonda
- tepu nyekundu
- daftari

Daftari watu huruka. Usiruke. Bila daftari utalaumu maziwa kwa kosa la biskuti, nimeona hiyo mara nyingi sana.

HATUA ZENYEWE

1. Toa ngano kwanza, maziwa usiyafukuze kwa hasira.

Wiki za kwanza kazi yako ni gluteni. Chapati, mandazi, mkate, tambi, biskuti, Weetabix, zote nje. Kwa maziwa jiulize tu hivi: nikinywa, tumbo linajaa gesi, linanguruma, naharisha ndani ya masaa machache? Kama hapana, endelea kunywa kama kawaida, hakuna sababu ya kuacha. Kama ndio, pumzisha maziwa ya kunywa kwa wiki 2 mpaka 4 ukishauriana na daktari, alafu utayarudisha kwa ngazi kama nitakavyoeleza kwa hatua ya 5.

Kosa la kawaida hapa ni kuacha vyote 2 siku moja na kubaki hivyo miaka. Mtu wa siliaki mara nyingi mifupa yake tayari imekosa kalsiamu kwa sababu utumbo haukuwa unaichukua vizuri, ukimwondolea na maziwa bila kuweka kitu kingine unamwongezea shida.

2. Chagua maziwa, na uyajue.

Paketi ya maziwa freshi ambayo haijaongezwa ladha ni rahisi, ndani ni maziwa tu. Maziwa ya ATM nayo ni sawa kama mashine ni safi na mwenye duka ana leseni ya Kenya Dairy Board, angalia ukutani huwa wameibandika, kama huioni uliza. Mimi huchemsha hata hivyo.

Kwa maziwa ya kupimiwa, yale ya mtungi yanakuja na boda asubuhi, kuwa makini zaidi. Kuna wachuuzi huongeza maji, alafu ndio yasionekane mepesi wanaongeza unga kidogo. Unga gani huwezi jua, unaweza kuwa wa mahindi, unaweza kuwa wa ngano. Hapa ndio iodini inaingia. Chota vijiko 2 vya hayo maziwa, chemsha kwenye kikombe cha chuma ama sufuria ndogo, acha yapoe kabisa (yakiwa moto rangi haishiki), alafu dondosha tone 1 ama 2 za iodini ukoroge. Rangi ikibaki ya manjano ama kahawia hafifu, hakuna wanga. Ikigeuka buluu ama nyeusi-buluu, kuna mtu ameongeza unga. Mwaga hayo ya kupimia, usiyanywe, na huyo muuzaji umemalizana naye. Mara ya kwanza kuona ile buluu nilikuwa nimesimama hapo kwa sinki na kikombe mkononi, kijiko kimetoka na rangi kama ya wino, na ni maziwa tulikuwa tumekunywa mwezi mzima tukijiuliza mtoto hapati nafuu kwa nini.

Onyo: hii haipimi gluteni. Inakuonyesha tu wanga uliowekwa kwa wingi. Na usipime yogati nayo, yogati nyingi zina wanga wa mahindi kihalali na itageuka buluu bure ukasirike.

3. Soma lebo ya kila kitu ambacho si maziwa matupu.

Lebo zetu ni za Kiingereza kwa hivyo tafuta haya maneno: wheat, barley, rye, malt, malt extract, semolina. Ukiona moja wapo, rudisha kwa shelfu. Oats ni nafaka tofauti na ngano lakini huvunwa na kusagwa pamoja na ngano mara nyingi, usiguse kama hazijaandikwa gluten free, na hata hizo mwanzo ngoja daktari aseme. Kitu kikiandikwa gluten free kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha Codex maana yake hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo moja.

Malt ndio imewaangusha wengi. Malt ni shayiri iliyochipuzwa. Kwa hivyo Milo kwenye maziwa, hapana. Horlicks, hapana, hiyo ina ngano na shayiri zote. Cornflakes watu hudhani ni mahindi tu, nyingi zimetiwa malt kwa ladha, kwa hivyo bakuli la mtoto la cornflakes na maziwa linaweza kuwa ndilo linalomchoma kila asubuhi na mama anasema nimeacha ngano kabisa. Tumia kakao ya kawaida isiyochanganywa, kijiko kimoja na sukari kidogo, watoto wanazoea.

Sasa haya yafuatayo huogopesha watu bila sababu: maltodextrin si malt, usikimbie. Pectin, gelatin, guar gum, lactic acid, hazina gluteni. Modified starch kwenye yogati kwa kawaida ni ya mahindi ama muhogo, na ikiwa ya ngano natarajia lebo iseme wheat, kama ina utata chukua ingine iliyo na viungo vichache. Kanuni yangu kwa supa ni hii, yogati nzuri ina maziwa na vijidudu vyake, labda sukari. Ikiwa orodha inajaza upande mzima wa kikopo mimi huiacha.

Yogati zenye kifuniko kilichojaa granola ama vipande vya biskuti, hapana. Chizi ya kipande ni sawa. Iliyokunwa huwekwa unga unga isishikane, mara nyingi ni wanga wa viazi ama selulosi, lakini soma. Mimi hununua kipande nikikune mwenyewe, na bei ni nafuu.

4. Tengeneza mala yako.

Hii ndio hatua ninayoipenda kuliko zote na ndio ilibadilisha nyumba yetu. Maziwa yakichacha, vijidudu vinakula sehemu ya laktosi, na vinavyobaki hai vinaendelea kukusaidia kuisaga ukishakunywa. Kwa hivyo mtu ambaye glasi ya maziwa inamlaza, mara nyingi anaweza kunywa nusu kikombe cha mala bila shida.

Chemsha lita 1 ya maziwa kwa ile sufuria yako, yakipanda punguza moto, acha dakika chache, zima. Funika uache yapoe. Mala haitaki joto jingi kama yogati, ngoja mpaka ukigusa sufuria kwa nje uhisi joto kidogo tu linaisha. Toa utando wa juu. Weka vijiko 3 vikubwa vya mala ya mbegu kwenye jari safi iliyomwagiwa maji ya moto, ongeza maziwa kidogo ukoroge mpaka iwe laini, alafu mimina yote. Funika kwa kitambaa, zungushia leso, weka pahali hapatikisiki. Masaa 12 mpaka 24. Nairobi mwezi wa saba na ule baridi wake usishangae ikichukua siku na nusu, mimi huweka jari ndani ya sufuria kubwa yenye maji vuguvugu nikafunika na blanketi, juu ya kabati kando ya jiko.

Utajua imeiva ukiinamisha jari na maziwa yanasonga pamoja kama kitu kimoja, yanaachana na ukuta wa glasi polepole, na juu kuna maji kidogo ya kijani-manjano. Harufu ni ya uchachu msafi. Ukiiacha zaidi inakuwa kali zaidi na laktosi inapungua zaidi, kwa hivyo kwa mtu ambaye tumbo lake bado ni jepesi usiharakishe. Weka kwa friji, tumia ndani ya siku 5, na chota vijiko 3 vya mbegu ya batch ijayo kabla watoto hawajaimaliza.

Onyo: mbegu ichotwe kwa kijiko kikavu safi ambacho hakijapita kwa mkate. Na kama unatoka nyumba ya mursik, mursik yenyewe haina gluteni, ni maziwa na mkaa wa mti kwenye kibuyu, hakikisha tu maziwa yalichemshwa na kibuyu ni cha nyumbani mnachokijua.

5. Rudisha maziwa kwa ngazi.

Ngazi moja kwa siku 4 ama 5, ukiandika kila kitu kwa daftari, saa uliyokula na saa tumbo lilisema nini.

Anza na siagi, samli, na chizi ngumu iliyokomaa kama cheddar, hizo zina laktosi kidogo sana, karibu hakuna. Kipande cha chizi ukubwa wa kiberiti, na chakula. Ikikubali, nenda mala ama yogati, vijiko 3 vikubwa siku ya kwanza, robo kikombe, alafu nusu. Ikikubali, chai ya maziwa, lakini iwe chai ya rangi iliyotiwa maziwa kidogo, usianze na ile yetu ya maziwa matupu. Mwisho ndio glasi. Glasi ya mililita 250 ina kama gramu 12 za laktosi, ni mzigo mkubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa hivyo gawa, nusu asubuhi na nusu jioni, na kila mara pamoja na chakula, si kwa tumbo tupu.

Ngazi ikikataa rudi ile ya chini ukae hapo wiki 2 au 3 kabla ya kujaribu tena. Usirudi mpaka mwanzo. Kuna maziwa yasiyo na laktosi kwa supa kubwa, ni mazuri, ni maziwa kamili yaliyosagwa laktosi tayari na kalsiamu iko, bei tu ndio iko juu. Maziwa ya mbuzi na ya ngamia yana laktosi pia, nasema hivi kwa sababu watu wanauziwa kwa bei kubwa wakiambiwa hayana.

Maziwa ya mimea, soya na mlozi ni sawa kama lebo ni safi na yameongezwa kalsiamu. Ya oats, rudia nilichosema kuhusu oats.

6. Linda siagi, kikombe na themosi.

Nyumba nyingi zinaanguka hapa, si dukani. Kisu kimetoka kwa mkate kimeingia kwa siagi, kimeacha chembe 3 za mkate juu, hazionekani, na siagi yenyewe haikuwa na kosa lolote. Nunua ya pili, zungusha tepu nyekundu, na kila mtu nyumbani aambiwe, hata mgeni, hata shosh akija kutoka ushago. Mama mkwe wangu alichukua wiki moja kuelewa, alikuwa anafikiri namnyima mjukuu, siku nilimkalisha nikamwonyesha majibu ya hospitali ndio akasema, "Kumbe hii ni kitu ya ukweli, mum. Nionyeshe basi kisu chake ni gani." Saa hii ndiye mlinzi mkali kuliko sisi wote.

Alafu chai. Sisi tunachovya. Mkate unachovya kwa kikombe, mandazi yanachovya, na watoto wanabadilishana vikombe bila kufikiria. Kikombe cha mtoto wako kiwe na rangi yake na asikunywe cha ndugu yake. Chai ikichujwa, ichujwe na lile chungio jipya. Ukiwa na uji wa wimbi wa kuchanganya na mala, unga wake usitoke kwa poshomili inayosaga ngano, nunua wimbi lako, chagua, osha, anika, na utafute mwenye kisiagi cha nafaka zisizo ngano ama usage nyumbani na blenda. Zile unga za uji zilizochanganywa nafaka 7 au 9, soma, nyingine zina ngano ndani.

Sosi nyeupe ya maziwa ya makaroni yasiyo ya ngano ama mboga hutengenezwa na unga wa ngano, tumia wanga wa mahindi, kijiko 1 kikubwa kwa kikombe 1 cha maziwa, koroga kwanza na maziwa baridi ndio usipate mabonge.

7. Ukitoka nje.

Aiskrimu: omba kwa kikombe, si kwa koni, koni ni ngano. Ladha iwe vanila ama ya matunda isiyo na vipande vya biskuti ama keki. Na umwombe anayekuhudumia atumie kijiko kilichooshwa, kwa upole tu, "boss, nisaidie na kijiko safi tafadhali, mtoto ana shida na ngano." Tulisahau hilo mara moja kwa duka moja mjini, kijiko kilikuwa kimetoka kwa ile ya biskuti nyeusi, na msichana wangu aliumwa tumbo siku 2 akakosa shule. Milkshake ni vivyo hivyo, blenda imesaga biskuti za mteja wa kabla yako.

Chakula cha Kihindi, Ngara ama Parklands: paneer yenyewe ni maziwa na ndimu, haina shida. Shida ni hing, ile bizari yenye harufu kali, ya dukani mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano, na inawekwa hata kwenye chaas, yale maziwa mala mepesi yenye chumvi. Uliza kabla. Lassi ya kawaida au ya maembe kwa kawaida haiwekwi hing.

Chai ya kibanda, mimi sinywi pahali chapati zinapikwa meza hiyo hiyo, unga unaruka. Beba themosi.

8. Hesabu kalsiamu, na utenganishe na dawa ya damu.

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1000 kwa siku, glasi ya maziwa inatoa kama 300. Kama bado hujafika ngazi ya glasi, jaza na omena wazima wanaoliwa na mifupa, sukuma wiki, na wimbi, ambalo gramu 100 zake kavu zina zaidi ya miligramu 300. Kama umepewa tembe za kuongeza damu, na wagonjwa wengi wa siliaki hupewa, usizimeze na chai wala maziwa, vyote vinazuia madini ya chuma kuingia. Acha angalau masaa 2 katikati. Muulize daktari akupime vitamini D pia.

IKIKATAA

Nimeacha ngano miezi 2 na chai bado inanisumbua. Pengine ni laktosi, utumbo haujamaliza kupona. Shuka ngazi. Kama hata chai ya rangi isiyo na maziwa inakusumbua, basi si maziwa, fungua daftari utafute ngano iliyojificha, anza na sosi, viungo na unga wa uji.

Tumbo linasumbua nusu saa mpaka masaa machache baada ya kunywa maziwa na linaisha siku hiyo hiyo. Hiyo inanuka laktosi. Linasumbua siku 2 au 3, mwili umechoka, kichwa kizito, hiyo inanuka gluteni. Si sheria, miili hutofautiana, lakini inakuonyesha pa kuanza kutafuta.

Midomo imevimba, upele umetoka, anapumua kwa shida. Acha kusoma, mpeleke hospitali sasa hivi. Hiyo inaweza kuwa aleji na haina ngazi za kujaribu nyumbani.

Mala haijaganda. Ama maziwa yalikuwa moto yakaua mbegu, ama mbegu ilikuwa imekaa sana, ama ni baridi. Kama inanuka vizuri iongezee masaa na joto kidogo. Ikiwa na madoa ya waridi, meusi ama ya manyoya, mwaga yote pamoja na mbegu, chemsha jari, anza na mbegu mpya. Ikiwa inavutika kama kamasi ama inanuka uozo, vivyo hivyo.

Mala imetengana, maji mengi chini. Ilikaa sana ama ilipata joto jingi. Inaliwa, chuja kwa kile kitambaa usiku mmoja upate kitu kizito cha kupaka kwa nduma ama viazi vitamu. Ila ujue laktosi nyingi iko kwa yale maji, kwa hivyo kwa mtu wa ngazi za chini hayo maji mpe mwingine.

Miezi 6 mpaka 12 imepita na majibu ya damu hayashuki. Usianze kupunguza maziwa kwa kukisia. Rudi kwa daktari na daftari lako, kaeni na mtu wa lishe mpitie kila siku ya wiki 2 za mwisho, pamoja na dawa na vitamini anazomeza.

Shule. Mpe mwalimu barua fupi yenye nakala ya ripoti, iandikwe vitu anavyoweza kula badala ya orodha ya makatazo pekee: maziwa ya paketi, yogati isiyo na ladha, ndizi, njugu, popcorn. Siku ya birthday ya darasa, asubuhi hiyo pakia kikombe chake cha aiskrimu kwenye flaski ya mdomo mpana iliyokaa kwa friza usiku kucha, na kijiko chake kimefungwa tepu nyekundu. Inafika saa nne bado imeganda.